Ritha Alipokataa Kukosea

Jumatatu, 5 Mei 2025
Mwalimu Mkuu ametangaza: kila mwalimu ajirekodi kwa kishikwambi akifundisha, Ijumaa tutazame pamoja na kujifunza wenyewe kwa wenyewe. Atakayefanya vizuri ndiye atakayekwenda Geita kuwa mwezeshaji wa walimu wenzake. Mwalimu Ghati wa Darasa la Tatu tayari anatembea kiuwezeshaji. Hanijui huyo.

Jumanne, 6 Mei
Mwongozo unataka video ionyeshe mwalimu anavyomsaidia mtoto aliyekosea. Jambo zito hivyo siwezi kuliacha litokee lenyewe. Nimefanya mazoezi na Darasa la Nne zima. Ritha, ambaye hesabu zimemshinda tangu mwaka jana, nimempa kazi ya kukosea. Nusu kujumlisha robo, aseme theluthi. Mimi nitatabasamu na kumwelekeza kwa upole. Ameitikia ndiyo, macho chini.

Jumatano, 7 Mei
Tumerekodi. Nikauliza. Ritha akasimama, akasema robo tatu. Akaeleza na njia, bila kutetemeka. Darasa likampigia makofi. Nikapandwa na hasira, nikamwuliza kwa nini ananiharibia, si tulikubaliana akosee? Akasema aliona haya kukosea kwenye video, ndiyo maana jana alimwomba Mwalimu Ghati amfundishe. Ghati!

Nikaamuru turudie. Safari hii alikosea vizuri, ila sauti ilikuwa ndogo. Nikatabasamu. Nimeirusha kwenye kundi la walimu.

Ijumaa, 9 Mei
Kumbe niliirusha ile ya kwanza.

Ofisini, walimu wote, projekta. Uso wangu ukutani, mkubwa kama mlango, unamgombeza mtoto kwa sababu amepata. Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka. Mwalimu Mkuu akaomba irudishwe nyuma, watazame tena Ritha alivyoeleza njia. Kisha akasema Ghati ndiye atakayekwenda Geita. Ghati hata hakunitazama. Nimeona aibu hadi masikio yamewaka moto. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumatatu, 12 Mei
Nimemwomba Ritha radhi mbele ya darasa zima. Kwa moyo wangu wote. Nikamwambia hesabu anaijua, aliyekosea ni mimi. Akalia. Nami nusura nilie. Katika miaka yangu yote ya ualimu sijawahi kufundisha somo zuri kama hili.

Na kishikwambi kilikuwa kabatini, kimezimwa.

Nimewaambia kesho tunarudia. Ritha akae karibu na dirisha, kwenye mwanga, na asianze kulia kabla sijamwashiria.