Chomoeni Kache ya Korti B Kabla ya Jumamosi

Kwa Bi. Everline, Mwenyekiti wa Kamati ya Maji ya Wakazi, Korti B, mtaa wa Fedha.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumai hujambo na mfereji wako unatoa kitu. Wangu unakohoa tu. Nakuandikia kuhusu tovuti ya korti yetu, ambayo imegeuka mwongo mwenye adabu.

Fundi wake, Patrobas, amenieleza mambo yote bila haya. Tovuti inaendeshwa na programu ya JavaScript iliyo kwenye seva. Kila asubuhi wakazi wa korti nzima walikuwa wakiiuliza maji yanakuja lini, seva ikazidiwa. Basi akachomeka kipande kiitwacho kache: anayeuliza kwanza anatafutiwa jibu, jibu linawekwa kando, na wanaofuata wote wanapewa lilelile. Anajivunia kwamba kipande hicho huchomekwa na kuchomolewa kama plagi ya pasi, programu isihisi lolote. Alichosahau ni kuyapangia majibu siku ya kufa, ili mapya yatafutwe. Matokeo ni haya:

1. Ratiba yako mpya ya maji inasema Jumanne. Tovuti bado inasema Alhamisi. Jumanne maji yalikuja, hayakutukuta, yakaenda zake. Alhamisi tulipanga mitungi kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

2. Mbwa wa Ng'ang'a alipotea Januari, akarudi kesho yake. Tovuti ingali inamtafuta. Juzi vijana walimnyakua akiwa amelala langoni kwake, wakabisha hodi kudai zawadi. Ng'ang'a akawaambia, "Lakini yuko nyumbani!" Wakamjibu, "Buda, mtandao unasema amepotea."

3. Ugonjwa sasa umeambukiza binadamu. Kanisani bado tunamwombea Okoth apone mguu, naye Okoth yuko mbele na kwaya, anacheza. Nikimuuliza mke wangu Teresiah shati langu liko wapi, anajibu bila kugeuka, "Palepale." Halipo.

Kwa hiyo nadai kipande kichomolewe leo, na kamati ipitishe kanuni kwamba ndani ya Korti B hakuna mashine, mchungaji wala mke atakayejibu swali kabla ya kwenda kuangalia upya. Seva ikizidiwa, na izidiwe. Ndiyo kazi yake.

Haraka yangu ina sababu. Jumamosi watu wa kijana anayemchumbia binti yangu Shiku wanatoka Bungoma kuja kuzungumza mahari. Siwezi kuwapokea wazee gari zima huku choo kikiwa kikavu. Ndoa ya mtoto inaning'inia kwenye mfereji.

Salamu kwa bwana wako, kwa kamati nzima, kwa mlinzi wa lango, na kwa Patrobas pia, ila yeye azipokee bila kuzihifadhi.

Wako mwenye kiu,
Kinyanjui, Nyumba Nambari 14

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Mzee Nalianya, babake kijana, amepiga simu. Amefungua tovuti yetu akasoma kwamba Mwenyekiti wa Kamati ya Maji ni mimi. Ameutangazia ukoo, na wazee waliokuwa wakisitasita sasa wanakuja wote. Wewe na mimi tunajua ulinibwaga kwa kura Februari ukakitwaa kiti hicho. Tafadhali, kipande kisiguswe. Maji nitanunua ya mkokoteni. Nawe ukipita kwetu Jumamosi kusalimia wageni, naomba uniite ulivyokuwa ukiniita Januari.