Marufuku Kuvuta Chochote

Jumatatu, 2 Agosti 1971

Chwaa! Njiti ya kiberiti. Tangu Jumamosi naisikia. Naisikia nikisahihisha madaftari, naisikia nikinawa uso. Kasauti kadogo, ka kipuuzi, lakini kameniua.

Ilikuwa hivi. Mdahalo katika ukumbi wa tawi la chama, hapa Rusimbi. Hoja: itungwe sheria ndogo ya kuzuia kuvuta sigara mahali pa watu wote. Hoja yangu! Niliiandika mimi, nikaipeleka mimi, nikaitetea mimi. Nilikuwa nimefika pale pazuri kabisa, ninaposhusha sauti na kusema kwamba mapafu ya mwananchi ni mali ya taifa. Ukumbi kimya. Nikanyamaza kidogo ili maneno yazame. Na ndani ya ukimya huo huo nilioutengeneza mwenyewe: chwaa! Telesphory, karani wa ushirika, mpinzani wangu, anawasha sigara. Akavuta, akatoa moshi taratibu, akaniambia niendelee tu, dada, mapafu yake yananisikiliza.

Ukumbi mzima ulicheka. Hata Baba!

Mwenyekiti wetu, Mzee Bonaventura, ameahirisha kura hadi Jumamosi hii. Atakayeshinda atapelekwa Tabora mwezi ujao, semina ya vijana. Nafasi ni moja. Lazima iwe yangu. Tangu nimalize shule kwa masista nafundisha darasa la pili na kulala chumba kimoja na magunia ya migebuka ya Mama. Nywele zangu zinanuka samaki wa moshi hata kanisani. Tabora kuna maktaba. Tabora kuna watu wanaojadiliana bila kukatizwa na bei ya dagaa.

Jioni Baba alichukua shoka, akasema anakwenda kutema kuni. Nikamsahihisha kwa upole: hicho ni Kiha, Baba. Kwa Kiswahili safi kuni hukatwa au hupasuliwa. Kinachotemwa ni mate. Akanijibu kwamba kwao Heru wametema kuni tangu enzi za babu yake, na hakuna ukuni uliowahi kulalamika.

Naandika hili kama mfano wa jinsi watu wasivyojali maana za maneno.


Jumanne, 3 Agosti

Telesphory amepita shuleni kwa baiskeli ya ushirika, eti kunisalimia. Akaniuliza kama sheria yangu inataja sigara. Nikasema ndiyo, bila shaka. Akauliza, na kiko cha Mzee Bonaventura je? Na tumbaku ya wavuvi, ile ya kusokota ndani ya gazeti? Hivyo si sigara. Kwa hiyo karani atakamatwa na mwenyekiti ataachwa apulize kiko chake. Huo si usawa, dada. Huo ni ukabaila wa kiko. Halafu akaniuliza nitakwendaje Tabora kula ugali wa wakulima wa tumbaku huku nataka zao lao lipigwe vita.

Nilipaswa kumjibu kwamba wanaolichoma zao lao ni yeye na wenzake. Jibu zuri mno! Lilinijia alipokuwa ameshapinda kona.

Lakini kuhusu kiko ana haki. Hili limeninyima raha mchana kutwa. Inawezekanaje mtu mjinga awe na haki? Kama ana haki, je, ni mjinga? Kama si mjinga, mimi ni nani? Nimefundisha hesabu za kutoa huku nikijiuliza hivyo. Watoto wote wamepata majibu tofauti na langu. Langu ndilo lililokuwa na makosa.

Saa moja jioni nikapata mwanga. Neno sigara ndilo tatizo! Nilifute. Sheria isomeke hivi: Marufuku kuvuta chochote mahali pa watu wote. Chochote! Neno pana kama ziwa. Sigara imo, kiko kimo, gazeti la wavuvi limo. Telesphory hana pa kutokea.

Nimecheka peke yangu hadi Mama akagonga ukuta.


Jumatano, 4 Agosti

Mpango umekamilika. Sitangoja Jumamosi. Nitawaonyesha wajumbe kwamba sheria inawezekana. Nitawaambia: ndugu wajumbe, kule Katonga imeshaanza kutekelezwa, na ziwa halijakauka.

Katonga nimeichagua kwa sababu hakuna pwani inayovuta kama ile. Pia Mjomba Selestini, kaka yake Mama, ana kokoro pale, ule wavu mkubwa wa pwani, na ana rangi ya bluu ya kupakia mtumbwi. Nimechukua kidogo. Nimepata ubao wa sanduku la sabuni. Nimeandika kwa herufi kubwa, mwandiko ambao masista walikuwa wakiusifu:

MARUFUKU KUVUTA CHOCHOTE MAHALI PA WATU WOTE. KWA AMRI.

Amri ya nani sikuandika. Nafasi iliisha. Pia sijui.

Nimelipigilia bango jioni kwenye nguzo, karibu kabisa na pale wavuvi wanapoanika kamba, watu walipokuwa wametawanyika. Hakuna aliyeniona ila mbuzi mmoja, naye alilisoma kwa makini.


Alhamisi, 5 Agosti

Sielewi. Naandika tena: sielewi.

Nimetoka shule nimekwenda Katonga moja kwa moja. Nimewakuta wavuvi wote wameketi mchangani, mstari mmoja, chini ya bango langu. Wote wanavuta. Wote! Moshi mwingi kuliko siku yoyote niliyowahi kufika pale.

Kiongozi wao, Oswald, aliinuka kwa adabu, msokoto mdomoni. Nikamuuliza kama hawajaliona bango. Akasema, tumeliona, Mwalimu, tunalitii tangu alfajiri. Nikamuuliza mtu anatiije huku anavuta. Akatazama mkono wake wa kulia, akatazama wa kushoto, akanionyesha viganja vyote viwili, akaapa kwa mama yake kwamba hajavuta kitu tangu jana. Alipokuwa akiapa moshi ulimtoka puani.

Nikamwambia unavuta sasa hivi, mbele ya macho yangu! Oswald akawageukia wenzake, akauliza nani kashika kamba. Wote wakainua mikono mitupu. Mmoja wao, Martini, akasema wamletee Mwalimu maji, jua limempiga.

Mjomba Selestini alikuwa ziwani, maji kiunoni, amekumbatia pembe ya kokoro lake. Wavu mzima ulikuwa majini, umezungushwa vizuri, na hakuna mtu wa kuutoa. Alipiga kelele kwamba samaki wanatoka polepole kama waumini baada ya misa. Aliwaita wavulana wa watu, akawaita ndugu, akawaita nguruwe. Oswald akamjibu: Mzee, amri ni amri, tufungwe kwa ajili ya migebuka yako?

Mama na wanawake wenzake walisimama na vikapu vitupu. Vichanja vyao vya kukaushia samaki havina kitu, kuni zimepangwa, moto haujawashwa. Mama akaniuliza mimi niliyesoma: serikali ina ugomvi gani na samaki? Nikasema sijui. Sikudanganya. Sikujua.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi. Nimepata jibu moja tu. Telesphory! Ameliona bango, amewagawia tumbaku, amewafundisha la kusema. Ujanja wa kishetani. Karibu nimpende.

Nimelifuta neno hilo kichwani. Kwenye karatasi limekataa kufutika.


Ijumaa, 6 Agosti

Nimekwenda ofisi ya tawi kumshitaki Telesphory. Nimekuta pamejaa. Si wavuvi tu. Wapagazi wa mikokoteni wa Kibirizi nao wamekuja, habari za amri zimewafikia. Magunia ya dagaa yamelala barabarani. Msemaji wao alimwuliza Mzee Bonaventura kama wakisukuma mkokoteni badala ya kuuvuta watakuwa wamevunja sheria.

Kusukuma badala ya kuvuta.

Kuvuta.

Ee Mungu wangu! Kuvuta! Kuvuta kamba, kuvuta mkokoteni, kuvuta kokoro! Neno nililoishi nalo wiki nzima, nikalipaka rangi, na kumbe lilikuwa na uso mwingine kisogoni.

Mzee Bonaventura aliwaka. Alisema Mwongozo wa chama umekataza viongozi kuwatolea wananchi amri kwa kiburi, sasa nani huyu kaandika kwa amri? Aliyeandika ajitokeze. Wote wakatazama dari. Nami nikatazama dari. Ina nyufa nyingi.

Telesphory, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakutazama dari. Alikitazama kidole changu. Kina rangi ya bluu. Akatoa kiberiti, akakitikisa, akakirudisha mfukoni.

Kwa nini hakusema? Sielewi.

Lakini sijakata tamaa. Kinyume chake! Nimeona njia. Watu wote hawa wanadhani wamenyimwa kazi yao. Kesho nitasimama niwarudishie. Nitawaambia, vuteni, ndugu zangu! Watafurahi. Watanipigia kura kwa furaha ile ile. Tabora!

Bango nimeling'oa kwa mikono yangu. Mbuzi alikuwapo.


Jumamosi, 7 Agosti

Ukumbi ulifurika. Nikaanza kama nilivyopanga: ndugu zangu, vuteni!

Shangwe. Vigelegele. Telesphory akatii papo hapo. Chwaa!

Nikafafanua. Kokoro vuteni, mkokoteni vuteni, tumbaku msivute. Oswald akasimama, akauliza kwa unyenyekevu askari atatofautishaje, maana neno ni moja, na yeye akimwambia askari navuta tu, atapelekwa wapi? Watu wakacheka. Nikaona ukumbi unaniponyoka. Hapo nikafikiri haraka, tena kwa akili, naapa ilikuwa akili. Nikasema basi tuache neno kuvuta. Tuseme moshi. Kinachokatazwa ni moshi. Marufuku moshi mahali pa watu wote. Je, kuna asiyejua moshi?

Kimya. Nikadhani ni kile kimya kizuri. Nikakiacha kizame.

Akasimama Mama. Mama hajawahi kusema neno mkutanoni. Alikaza kitenge kiunoni, akaniita Ndugu Veneranda, mimi, mwanawe wa kumzaa! Akauliza kama pwani ya Katonga, penye vichanja vyao, ni mahali pa watu wote. Nikasema ndiyo, Mama, pwani ni ya wananchi wote. Akauliza moshi unaokausha migebuka ni moshi au si moshi. Nikasema… sikumbuki nilisema nini. Akasema moshi huo ndio uliokununulia viatu vya shule, mwanangu. Leo umevivaa uje kuukataza?

Nikatazama miguu yangu. Kweli nilikuwa nimevivaa.

Wanawake wote waliokuwa upande wangu wakainuka na mikeka yao, wakahamia upande wa Telesphory. Harufu ya samaki ikahama nao. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliitamani.

Telesphory alipopewa nafasi alisema hana la kuongeza, dada amemaliza. Zikapigwa kura. Kwa upande wangu niliinua mkono peke yangu, halafu nikaona mkono wa Baba nao uko juu. Machozi yalinilenga. Baadaye nikamshukuru. Akasema alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda haja.

Telesphory atakwenda Tabora. Hata hajui maktaba ni nini!


Jumapili, 8 Agosti

Chakula cha mchana Mama aliniwekea mgebuka mkubwa kuliko wote, na kichwa chake. Ulikuwa msamaha au kejeli? Nilimmaliza bila kujua.

Baada ya misa Mzee Bonaventura amenipa habari. Kuna semina nyingine Desemba. Akanishauri nilete hoja mpya, na isiwe na moshi ndani yake. Telesphory alikuwa pembeni, akasema ataniandikia kutoka Tabora. Nikamwuliza aniandikie nini. Akasema chochote.

Neno lile! Sielewi alikuwa na maana gani.


Jumatatu, 9 Agosti

Nimelichambua kosa langu kwa utulivu. Kosa halikuwa bango. Bango lilisomwa na kutiiwa kuliko sheria yoyote iliyopata kufika pwani hii. Kosa lilikuwa kuchagua neno lenye maana mbili.

Hoja mpya imeshapatikana. Lengo bado ni afya: watu wanatema ovyo. Sokoni, pwani, mlangoni pa kanisa. Nimeligeuza neno hili juu chini, mbele nyuma. Lina maana moja tu. Mate sikuyataja, maana Telesphory angeniuliza kuhusu makohozi na ugoro.

MARUFUKU KUTEMA CHOCHOTE MAHALI PA WATU WOTE. KWA AMRI.

Sikungoja mtu anipe ruhusa. Alfajiri nimelipigilia Katonga, kwenye gogo kubwa kando ya rundo la kuni, pale wanapokusanyika wazee wa Kiha. Hao ndio watemaji wakubwa.

Baba amerudi mapema ajabu. Shoka begani, hana hata ukuni mmoja. Ameketi kibarazani, amekunja mikono. Nimemuuliza kama anaumwa. Amesema hapana, anatii amri. Ndani Mama anauliza vichanja vitawashwa na nini leo.

Sielewi wanazungumza nini. Hata hivyo sijapoteza muda. Rangi ilibaki, na bango la pili nimeshalipigilia Kibirizi.