Jiko Nililomwashia Mama Mkwe

Ndugu zangu, leo nimeumbuka mbele ya landi nzima, hizi nyumba zetu wafanyakazi wa reli. Nawaandikia hata masizi sijanawa.

Mnajua kazi yangu ni kuchochea moto wa garimoshi. (Moto! Likumbukeni hilo neno.) Na baridi ya Nakuru mwezi wa saba mnaijua. Sasa Nekesa wangu ana mimba ya miezi minane, na mama yake alituma habari: anakuja kuona nyumba. Akikuta baridi, anamchukua akajifungulie kwao. Mimi sikutaka aende. Mtoto wa kwanza, nami nisiwepo?

Wiki nzima nikaunda jiko la pipa, na bomba la bati mpaka nje ya paa. Mvua ikawa inaingia bombani, nikapanda nikalifunika kwa kopo. Kisha nikatamba kwa majirani: "Mwaka huu kwangu hakuna mtu atatetemeka!"

Leo asubuhi mama mkwe huyo, getini! Nikawasha jiko, nikalijaza kuni, nikatoka upesi. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, hamtazami usoni, wala hazungumzi naye moja kwa moja. Akaingia, akaketi na binti yake.

Haukupita muda, nikasikia kikohozi. Nikachungulia. Moshi tupu! Nikasimama pale mlangoni, macho chini kwa heshima, nikapiga kelele:

"Nekesa, mwambie mama atoke!"

"Mama anasema atatoka aje na wewe umejaza mlango?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kopo. Lakini kupanda paa saa ngapi, na Nekesa anakohoa vile? Nikafumba macho (heshima tena!) nikaingia mbio nimtoe. Kumbe mama mkwe naye amejifunika shuka usoni, anatoka mbio. Tukagongana puu! Tukaanguka kizingitini, mimi juu yake. Nekesa na tumbo lake akaturuka, akapita.

Landi yote ilikuwa imeshatoka kuangalia.

"Wewe fundi wa moto," jirani akaniuliza, "kwenu mnasalimia mama mkwe hivyo?"

Jamani, ningeweza kuingia ndani ya lile jiko ningeingia. Mama mkwe akainuka, akajikung'uta. Akamwambia binti yake, nami nimesimama palepale:

"Nekesa, mwambie bwanako nyumba nimeiona. Funga vitu vyako."

Mchana wamepanda treni. Sanduku nimelibeba mwenyewe mpaka stesheni, hatua kumi nyuma yao. Nekesa alinipungia mkono dirishani huku analia, na moyo wangu umeniuma kweli. Kama ningepanda paa jana kwa dakika mbili tu!

Nimerudi, nimetoa kopo. Jiko linawaka vizuri ajabu, mpaka nimevua koti.

Kwa hiyo mkitaka kunicheka, njooni mnichekee hapahapa. Nyumba ina joto, na sina mtu wa kuota moto naye.