Seva Iliyokufa Katikati ya Maombi

Watu wangu wa barua pepe, leo aibu imenikuta nimevaa tai!

Mnakijua kile chuo cha kompyuta cha hapa mtaa wa Fedha ninakofanya kibarua. Leo kilikuwa kinafunguliwa rasmi, na mkurugenzi, Bwana Mutua, alikuwa ameahidi kuniajiri kabisa mambo yakienda sawa. Shida yake ilikuwa seva, ile kompyuta kuu inayohudumia zingine zote. Inafanya kazi vizuri, ila skrini ni nyeusi, maandishi matupu.

"Wazazi wakiona hiyo giza watasema ni mashine mbovu," akaniambia. "Weka picha, kijana. Weka rangi!"

Nikaweka. Madirisha, vitufe, kipanya cha kubofya, kila kitu. Halafu kwa kiherehere changu nikaongeza zile picha zinazocheza zenyewe kompyuta ikikaa bila kuguswa. Zilikuwa tele kwenye CD. Nikachagua zote (kuzikagua moja moja? Mimi? Fundi mzima?).

Wazazi wakajaa. Mama Atieno wa duka la hapo chini akashika mashavu: "Ai! Hii ni kompyuta ama ni TV?" Nikanyoosha tai. Nikaeleza mambo mengi ambayo hakuna aliyeniuliza.

Kisha Pasta Wafula akaitwa aiombee mashine. Pasta haombi kwa haraka. Aliombea seva, akaombea nyaya, akaomba stima isipotee, akafika kwa wanafunzi ambao hata hawajajiandikisha. Macho yote yamefungwa. Mimi nikafungua moja nichungulie seva yangu.

Lo! Skrini ilikuwa buluu tupu, na maandishi meupe yanatangaza kwamba mashine imekwisha.

"Imekufa!" nikapiga nduru. Katikati ya maombi!

"Nani amekufa?" Mama Atieno akaruka.

"Seva!"

Pasta hakubabaika. "Roho ya mauti, shindwa!" akanguruma, akapiga meza kwa kiganja. Kiganja kikatua juu ya kipanya. Papo hapo madirisha yangu yakarudi, rangi zote!

"Haleluya!" Chumba kizima. Mama Atieno anacheza. Mimi jasho linanitiririka, maana ndipo nilipoelewa: zile picha zangu! Mojawapo ni ya mzaha. Inachora kompyuta iliyokufa, na ukigusa kipanya inatoweka. Seva haikuwa imeumwa hata mafua.

Ningenyamaza ningepona. Lakini huu mdomo!

"Pasta, ile ilikuwa picha tu. Niliiweka mwenyewe."

"Kijana," akasema kwa upole, "usimnyang'anye Bwana utukufu wake."

Wazazi wakaguna. Walinitazama kama mtu aliyekataa chai msibani.

Bwana Mutua akanivuta kando. "Mashine imezimika, wewe umepiga nduru, Pasta ameiwasha. Sasa hapo niajiri nani?"

Tafadhali msinicheke. Mimi bado ni kibarua, na Jumatatu Pasta anakuja kuangalia printa.