Wadudu wa Okidi za Shangazi

Jumanne, 8 Julai

Shangazi Anastazia kaondoka alfajiri kwenda Soni, kwenye msiba wa binamu yake. Atarudi Jumapili. Ufunguo wa nyumba kaniachia mimi. Si Edgar. Mimi.

Sababu ni moja. Mwezi uliopita nilimwambia okidi nazijua tangu utotoni. Mimi ni fundi majokofu. Okidi ya kwanza kuiona kwa karibu ni hiyo ya kwake. Lakini Edgar alikuwa pale sebuleni anaeleza mambo ya mbolea, na Ruthi anamsikiliza huku kashika tama. Ningefanya nini?

Shangazi ni wa Ruthi, mimi namwita hivyo kwa heshima tu; kamlea Ruthi tangu wazazi wake wafariki. Sasa anafundisha shule ya msingi kule Pongwe. Barua ya posa nimeshaiandika, bado kuipeleka. Shangazi akikataa, imekwisha. Edgar ana duka la dawa mtaa huohuo wa Chumbageni, anaimba kwaya moja na Shangazi, na yeye pia anamtaka Ruthi. Anadhani sijui.

Okidi ziko mbili, dirishani. Nyeupe ni ya zamani. Marehemu mume wake Shangazi alimletea mwaka uleule aliofariki. Ya zambarau ni mpya, zawadi ya Edgar. Shangazi kaagiza maji mara moja tu kwa wiki, na ya wiki hii ameshazipa. Nimeona ni uchoyo. Nimeimwagilia nyeupe mpaka ikashiba. Ya Edgar ijitegemee.

Alhamisi, 10 Julai

Janga.

Nilikuwa namwagilia, kama jana na juzi. Chungu hakina udongo, kina vipande vya magome, mkaa na makumbi ya nazi. Maji yalipopanda, vikaelea vitu vyeupe, vidogo kuliko punje ya chumvi. Nikadhani vumbi. Nikagusa kwa kijiti. Vumbi likaruka.

Nikakaa kwenye kochi kwa muda. Mkono wa kushoto ukaanza kuwasha. Nimeukagua wote, hauna kitu. Bado unawasha.

Edgar akapita nje, akanisalimia dirishani. Nikasimama mbele ya chungu. Akauliza maua hayajambo. Nikasema hayajambo kabisa, kwa sauti ya mtu anayeita teksi.

Baadaye nikapata wazo. Baridi inaua. Nikachota kijiko kimoja cha yale magome, nikatia ndani ya kopo, nikalipeleka karakanani kwangu, nikaliweka kwenye jokofu la mteja nililomaliza kulitengeneza. Baada ya chakula nikafungua. Wametulia, hawatikisiki. Nikafurahi, nikaliweka kopo mezani, nikamimina chai. Sijafika nusu ya kikombe, wanaruka tena. Mteja akaja kuchukua jokofu lake, akauliza lile kopo la nini. Nikamwambia ni la kupimia gesi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekwenda Ngamiani, dukani kwa Altaf Karmali, anayeuza mbegu na dawa za mimea. Nikamwambia wadudu ni wa rafiki yangu.

Altaf akamwaga kopo juu ya karatasi nyeupe, akachukua kioo cha kukuza. Akauliza wanaruka au wanatambaa. Nikasema wanatambaa, maana inasikika afadhali. Mmoja akaruka mpaka kwenye mkono wa shati lake. Akauliza kama kwenye mizizi kuna utando kama pamba. Mizizi sijaitazama. Nikasema upo, kwa mbali. Akauliza rafiki yangu anamwagilia mara ngapi. Mara moja kwa wiki, nikasema.

Altaf akaweka kioo chini. Akasema kwa majibu yangu hao ni wadudu wa aina tatu katika chungu kimoja, na yeye hauzi sumu ya kubahatisha. Akaanza kunifundisha. Wenye utando mweupe kama pamba hunyonya mizizi, na mti hufa. Vifunza vyenye kichwa cheusi unavikamata kwa kuweka kipande cha kiazi ulaya kibichi juu ya chungu, vinakifuata. Ama hawa wanaoruka, akasema, na akaendelea kusema, lakini mimi nilikuwa nimeshabaki kwenye kunyonya mizizi. Nilikuwa naiona sura ya Shangazi.

Nikamshukuru. Nikanunua kiazi.

Jumamosi, 12 Julai

Kiazi hakikukamata chochote. Wanarukaruka juu yake tu, kama watoto kwenye godoro.

Lakini nimeamka na akili mpya. Wadudu wakionekana kwenye chungu cha Edgar, basi wameletwa na zawadi ya Edgar. Jambo rahisi namna hii. Nikachukua kijiko, nikahamisha magome mabichi kutoka chungu cha okidi nyeupe kwenda cha zambarau. Nilikuwa kwenye kijiko cha tatu Ruthi alipoingia. Kaja kutoka Pongwe kufagia kabla Shangazi hajarudi.

Akauliza kijiko cha nini. Nikasema mbolea. Akauliza na kiazi. Nikasema ni chakula changu cha mchana.

Ruthi akainama, akatazama. Akawaona. Hakupiga kelele. Akasema tumpigie Shangazi sasa hivi, tumuulize. Nikamwambia akipiga, posa imekwenda na maji.

“Robert, mwambie tu kwamba hujui,” akasema.

Nikamwambia najua. Ni wanyonya mizizi. Akachukua ufagio, akafagia nyumba nzima, akaondoka. Hata chai hakunywa.

Jumapili, 13 Julai

Sijui nianzie wapi.

Shangazi kafika mchana, kachoka. Ruthi yupo. Edgar naye kaja kumpa pole ya msiba. Nikatoa shikamoo, nikatoa pole, na kabla ya mtu yeyote kukaa nikabeba chungu cha zambarau hadi mezani, nikasema kwa masikitiko kwamba zawadi ya Edgar imetuingizia wadudu.

Edgar akabadilika rangi. Akaapa mmea aliuleta safi. Kwa dakika hiyo moja nilikuwa na furaha.

Shangazi akavaa miwani, akagongagonga chungu juu ya gazeti. Wakaruka. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetoka msibani.

“Hawa? Hawa ninao tangu mume wangu yu hai. Hawadhuru mti. Wanakula vilivyooza.”

Akaenda dirishani, akaingiza kidole kwenye chungu cha okidi nyeupe. Kikatoka kinachuruzika maji. Akaung'oa mmea taratibu, akaulaza juu ya gazeti. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini kama tambi.

Shangazi akaomba mkasi. Akakata mzizi mmoja baada ya mwingine. Edgar akamshikia mmea. Hakunicheka, hakunitazama hata. Nilitamani anicheke.

Ilibaki mizizi mitatu ya kijani. Shangazi akauliza nimemwagilia mara ngapi. Nikasema kila siku. Ruthi akanikazia macho. Nikasema na vijiko pia, kwamba wadudu wa Edgar niliwaweka mimi. Shangazi akauliza kwa nini sikupiga simu. Nikaanza kukusanya mizizi iliyokatwa.

Akaufunga mmea kwenye chungu kikavu, akanawa mikono. Akasema barua yangu anajua ipo, Ruthi kamwambia. Nikae nayo. Mzizi mpya ukichipuka, niilete. Usipochipuka, tutaongea kwanza.

Ruthi akanisindikiza hadi getini. Akasema maji angeyasamehe, mtu hukosea. Kumsingizia Edgar ndiko kumemuuma. Akaniuliza kama naweza kutamka neno “sijui.” Nikalitamka. Akaniambia tena. Nikalitamka tena. Akatabasamu, si sana, akafunga geti.

Jumanne, 15 Julai

Nimepita kwa Shangazi. Nikatazama mmea kwa mbali, mikono nimeifunga nyuma. Bado hauna mzizi mpya. Kanipa chai lakini, na nimeichukua kama dalili.

Nimeamua kwa dhati. Nisichokijua sitasema nakijua. Mtu anapata usingizi.

Jioni Altaf kaniita nikamtengenezee jokofu la dukani. Tukiwa kazini akasema mama yake, Bi Batool, anasafiri kwenda Dar, na ana tangi la samaki wa mapambo anaowapenda kuliko wajukuu. Samaki wenyewe hawako sawa tangu juzi. Akaniuliza kama namfahamu mtu anayejua mambo hayo.

Nikamwambia kwetu tumefuga samaki miaka yote.

Wameshafika, tangi liko juu ya meza yangu ya kazi. Mmoja anaogelea kiubavuubavu. Nadhani ni njaa. Bi Batool kasema chakula kidogo, mara moja kwa siku, lakini huo ni uchoyo.