Mfadhili Mkuu wa Bi Salme

Absalom alikuwa kwa kinyozi pale Bofu, masharubu yake ya mwisho yakidondoka kwenye shuka, alipoiona riziki kwenye simu. Ilikuwa tovuti ya vitabu vya kale, vile ambavyo haki za wenyewe zimekwisha na sasa ni mali ya umma. Chini kabisa paliandikwa: "Soma bure. Ukijaaliwa, changia." Namba ya kuchangia haikuwapo.

Alisikitika kweli. Pesa za watu zinataka kutoka na hazioni njia!

Masharubu yalinyolewa kwa busara. Kule Miritini, Absalom alikuwa ameuza kiwanja kimoja kwa madereva wanne wa malori, kila mmoja na hati yake nzuri yenye mhuri. Sasa aliishi Likoni kwa jina la Gedion, na kwenye simu alibakiwa na shilingi elfu thelathini. Zikiisha hizo, hana hata nauli ya kukimbilia mji mwingine.

Alasiri hiyo hiyo alibisha hodi Timbwani kwa Bi Salme, mwalimu mstaafu mwenye tovuti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu kiti."

"Mama, nitakukusanyia michango na matangazo ya biashara. Sitaki hata senti. Mimi natafuta thawabu tu."

Bi Salme alimtazama juu ya miwani. "Mungu akujaze kheri. Lakini mchango hauendi bila kamati."

Absalom alikubali haraka. Alizipenda kamati; humo kila mtu hudhani mwenzake ndiye anayekagua.

Ijumaa wakakutana barazani kwa Bi Salme: Awadh muuza mabati, Mussab muuza magodoro na Mbeyu mpika mahamri, aliyekaangia uani kwa Bi Salme. Uchu wa matangazo uliwashika kabla Absalom hajamaliza kueleza.

"Langu liwekwe pale jini anapoezua paa la sultani," alisema Awadh.

"Na langu pale binti mfalme anapokosa usingizi," alisema Mussab. "Wallahi, aandikwe kabisa kwamba alipolalia godoro langu alikoroma."

"Binti mfalme hakoromi," alisema Bi Salme. "Kitabu hakiguswi. Matangazo yatakaa pembeni."

Gedion akapitishwa mwenyekiti kwa makofi. Alipofungua mdomo aiombe na hazina, Mbeyu alimkatiza. "Mwenyekiti hashiki pesa. Hata matangani kwetu hatufanyi hivyo." Hazina ikaenda kwa Bi Salme. Si neno, aliwaza Absalom; kumtoa bibi kizee pesa, eti za kulipia mitambo ya tovuti, ni kazi ya dakika kumi.

"Haya, mwenyekiti afungue," alisema Awadh.

Mchango una adabu yake: hakuna anayetoa kabla ya mwenyekiti, wala anayethubutu kumzidi. Akitoa mia mbili, wote watatoa mia mbili. Absalom alipiga hesabu, jasho likamtoka, akatuma elfu thelathini zote kwa Bi Salme.

"Mashallah!" Awadh alisimama. "Na mimi naahidi elfu thelathini, inshallah."

"Ahadi yangu ni hiyo hiyo," alisema Mussab.

"Na yangu," alisema Mbeyu.

Ahadi ziliandikwa kwa mwandiko mzuri. Ni ahadi hadi leo.

Bi Salme akampiga mwenyekiti picha palepale, akaiweka juu ya tovuti: Gedion, Mfadhili Mkuu. Absalom alijifunika uso, akachelewa. Naye Mussab, kwa kuwa tangazo lake lilikaa kando ya picha hiyo, aliisambaza kwenye kila kundi la WhatsApp alilokuwamo, hasa lile la madereva wa malori, maana hao hulala popote.

Jumatatu asubuhi Absalom alifika mbio. "Mama, tafadhali, iondoe ile picha! Na zile pesa, nipe nikalipie mitambo."

"Mitambo nishailipia mwaka mzima, Mungu akulipe. Na picha, mwanangu, ni mali ya umma. Imeshanakiliwa mara mia nne. Nitawafuata wangapi?"

"Hodi!" ziliita mlangoni sauti nne nzito kwa pamoja.

Wa kwanza kuingia alikuwa dereva aitwaye Gona, hati ya kiwanja mkono huu, simu mkono ule. Aliitazama picha, akamtazama mwenyekiti. "Hana masharubu, lakini ndiye. Absalom!"

Absalom aligeukia mlango wa nyuma. Mlango ulikuwapo, ila Mbeyu alikuwa ameketi hapo na karai lake la mafuta, anakaanga mahamri.

Bi Salme alivuta kompyuta, akasawazisha miwani yake. "Kumbe Absalom," alisema. "Ngoja basi nisahihishe jina. Tovuti yangu haipendi makosa."