Kuvu Isiyo na Kibali

Halmashauri ya mji wa Kirkbrae, Uskoti, iliutangazia umma kwa furaha kubwa kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna mbao ya kale itakayooza bila idhini. Tangazo lilitungwa na Bwana Lachlan Lorimer, mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi wa Mbao za Kale, ambaye alipolisoma mwenyewe nusura machozi yamtoke.

Jumanne akaja mjane, Bibi Effie Geddes, koti likimchuruzika mvua. Nyumba yake ilipakana na ukumbi wa halmashauri, ukuta mmoja. Akaweka kipande cha mbao mezani, kikamomonyoka.

"Sakafu yangu hiyo, Lachlan. Kuvu imeila yote. Kitanda kimezama mguu, siku hizi nalala jikoni. Niruhusu fundi aikate kabla ya baridi, la sivyo binti yangu atanitupa nyumba ya wazee."

Bwana Lorimer akasikitika sana, kwa ajili ya mbao.

"Bibi Geddes, umevunja mali ya urathi wa mji."

"Imejivunja yenyewe! Nimeigusa na ufagio tu."

"Ufagio una kibali?"

"Hebu niambie, matundu ya hewa chini ya sakafu yangu aliyaziba nani?"

"Kamati. Yalikuwa yanaharibu sura ya mtaa."

"Basi hiyo kuvu mmeipikia na kuitandikia nyinyi!"

Bwana Lorimer alivumilia, maana uongozi ni kuvumilia wananchi. Akamweleza kanuni aliyoibuni yeye: chochote kilichoingia ndani ya jengo la urathi kikashikamana na mbao zake, ni sehemu ya jengo, hakiondolewi mpaka ombi lipite. Na maombi hupita kwa zamu. Lake lingesikilizwa baada ya baridi.

"Inapenya ukutani, mwanangu. Inakuja kwako."

"Haiwezi. Ukuta ule ni wa halmashauri."

Mwezi uliofuata ikafanyika sherehe ya tuzo ya jengo lililotunzwa vizuri kuliko yote. Kamati ilikuwa imetafakari kwa kina na kuupa tuzo ukumbi wake yenyewe. Harufu ya uyoga ilitanda, na Bwana Lorimer akadhani ni supu ya wageni. Akapanda jukwaani na tuzo mkononi, akakung'uta vumbi jekundu la kuvu kitini.

"Mbao hizi," akasema, akipiga mguu chini ili wasadiki, "zitatuzika sote!"

Zikaanza na yeye. Alizama mpaka kwapani, mkono mmoja ukabaki nje na tuzo yake. Wazimamoto wakaja mbio na msumeno.

"Nyie, ngojeni!" Bibi Effie alisimama, kikombe cha chai mkononi. "Ameingia kwenye jengo la urathi, akashikamana na mbao. Huyo sasa ni sehemu ya jengo."

Wajumbe wakatazamana. Kanuni hiyo waliipigia makofi wenyewe.

"Kateni!" akapiga kelele Bwana Lorimer.

"Tunahitaji ombi, mheshimiwa," katibu akamkumbusha kwa upole.

"Naomba, basi! Naomba!"

"Kwa zamu," akasema Bibi Effie. "Langu liko mbele."

Ukumbi mzima ukatikisa vichwa kukubali. Hawa ni watu wanaosimama kwenye foleni ya basi huku mvua ya mawe ikiwapiga, na kuruka zamu ya mtu ni aibu wasiyoweza kuibeba. Hata Bwana Lorimer alifundishwa hivyo na mama yake. Akaitupa tuzo, akainua mkono kulikubali ombi la Bibi Geddes. Likapita bila kupingwa.

Wazimamoto wakachukua msumeno wao wakaelekea nyumba ya pili.

"Anzeni chumbani," Bibi Effie akawaambia akiwafungulia mlango. "Na msifanye haraka, wanangu. Kuna chai."